Niliwalisha Kabla ya Kuwauliza

Athumani mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi tulipotoka msikitini. Shikamoo yako niliipokea na marahaba niliitoa, kwa hiyo hapa nitaingia moja kwa moja. Wewe na mama yako mmevuka kwenda Bwejuu kuwaaga wajomba zako, na ninavyowajua watu wale, hawatawaacha mrudi kabla hawajawapikia. Nyumba imebaki kwangu na kuku. Nimeswali alasiri, nimekaa barazani na karatasi hizi, na kesho ukishapanda boti pale Kilindoni mama yako atakupa bahasha. Nitamwagiza akuambie usiifungue mpaka nanga ing'oke. Sababu yake utaiona mbele.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Kula kwa wakati, usisahau dawa yako ya pumu, usimpe kila jamaa namba yako ya simu: hayo mama yako anayo yote, na sauti ya kuyasemea anayo. Mimi nataka tuseme lile jambo ambalo umelikwepa wiki nzima, na ambalo mimi nimekusaidia kulikwepa.

Najua kuhusu soko.

Usihangaike kutafuta nani kanipigia. Ni Lukasi. Diwani mwenzako huyo hajawahi kuwa na siri hata ya umri wake, na ndiyo maana nilimpenda alipokuwa naibu wangu, siku zile nilipokuwa meya wa jiji hilohilo unalolishika leo. Aliniambia kwamba kikao chako cha kwanza cha baraza la madiwani kilikuwa kimepangiwa hoja ya kulivunja soko la samaki la ufukweni, ili pajengwe ile sekondari uliyowaahidi watu kwenye kampeni. Kisha, kabla hujaja huku kutuaga, ukaiondoa hoja hiyo, ukaweka nyingine ya kulikarabati soko: paa jipya, rangi, taa.

"Kaka," akaniambia Lukasi, "mwanao anaogopa kukuvunjia jina."

"Jina langu haliko kwenye bati," nikamjibu.

"Haliko kwenye bati. Liko kwenye jiwe la ufunguzi pale mlangoni, tena kwa herufi za dhahabu."

Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda shambani nikakata makuti ambayo hayakuwa na haja ya kukatwa. Sitakudanganya kwamba haikuniuma.

Tangu hapo nimekuwa nikikuangalia. Siku ile ulipoanza, "Baba, lile soko…" mama yako akatokea na samaki wa kupaka, ukameza mate na maneno kwa pamoja, ukasema, "Lile soko la Kilindoni siku hizi limechangamka." Nikasema, limechangamka kweli. Wanasiasa wawili wazima, tumekaa mkekani tunasifia soko la Kilindoni. Siku nyingine tulikuwa tunatazama wageni wa hotelini wanavyofundishwa kupiga mbizi ghubani, ukavuta pumzi ndefu, nikadhani sasa atasema. Ukaniuliza kama maji ya Chole bado ni masafi. Mwanangu, maji ni masafi.

Sikulaumu. Ugonjwa huo uliokushika ndio uliolijenga soko lile, na kisa chake hujawahi kukijua, kwa sababu wakati huo ulikuwa shule ya bweni na barua zako zote zilikuwa za kuomba sabuni.

Nilipochaguliwa kuwa meya, wauza samaki wa jiji walikuwa wanauzia stendi kuu ya mabasi. Mnada ulikuwa nyuma ya stendi, na mbele yake, kando ya barabara, kina mama walipanga makarai yao wakakaanga. Moshi, mafuta, magamba yamezagaa, paka wa mji mzima. Wakubwa walikuwa wanapita pale na magari yao wakifunga vioo. Mimi sikufunga kioo. Mimi nilikulia Utende, nikasema moyoni, jambo hili ndilo langu, hapa hakuna wa kunifundisha. Kwetu samaki hauzwi mbali na maji. Chombo kinafika, wanunuzi wako mchangani wanasubiri, kitoweo cha nyumbani kinatolewa kwanza, kilichobaki kinauzwa, watu wanakwenda zao. Basi nikataka soko ufukweni. Mnada pale, kupara magamba pale, kukaanga palepale.

Na lilikuwa soko zuri, Athumani. Niruhusu nijisifu mara moja. Meza za vigae, maji ya bomba, mifereji ambayo haikuziba hata siku moja. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini mifereji haikuziba.

Usidhani sikuuliza watu. Hapo ndipo penyewe. Viongozi wengine walikuwa wanatuma tangazo lenye mhuri, wananchi wanaitwa kwenye ukumbi wa joto kusomewa kilichokwisha kuamuliwa. Mimi nikajiona bora kuliko wao. Nikawaalika wauza samaki nyumbani kwangu, wanaume kwa wanawake, madalali na wakaangaji. Tukatandika mikeka uani chini ya turubai. Mama yako alipika pilau ya mbuzi ambayo mpaka leo nikikutana na mtu wa siku ile huanza kwa kuitaja. Wote niliwanawisha mikono mimi mwenyewe, na mkufu wa umeya nikauacha chumbani, wasije wakaniogopa. Tukala, tukateremshia na chai ya tangawizi. Ndipo nikasimama nikasema, "Jamani, hapa ni kwenu. Mpango wa soko mmeusikia. Semeni kilichomo moyoni, msinifiche."

Pakawa kimya. Dalali mmoja wa makamo akainuka taratibu, akasema, "Mheshimiwa, sisi tuseme nini? Umetustahi. Umetunawisha. Mungu akuzidishie." Wote wakaitikia amina. Kisha mwanamke mmoja, Bi Zuhura, wakati huo bado msichana msichana, akanyoosha mkono. Nikampa nafasi. Akatazama sinia lililokuwa mbele yake, akatazama watu, akasema, "Nilitaka kushukuru tu. Pilau imekolea." Wakacheka, wakapiga makofi, nikalala usiku ule usingizi wa mtoto aliyenyonya. Kesho yake nikamwambia karani aandike kwenye muhtasari kwamba wadau wote wameafiki.

Wewe ni mtoto wa pwani, sina haja ya kukueleza. Mtu aliyekula chakula chako hawezi kukukatalia mbele ya sinia lako. Angefanya hivyo nani? Angekuwa kalelewa wapi? Adabu hiyo tuliilishwa pamoja na uji. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa mgeni uani pale, ningesema vilevile kwamba pilau imekolea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, methali hii niliijua kabla sijaanza kuvaa kaptula. Lakini niliisikia nilipotaka, na siku ile sikutaka. Sidhani kwamba nilikusudia kuwafunga midomo, ila nilifurahi mno kuwaona hawanipingi, na sikujiuliza kwa nini.

Soko likafunguliwa kwa ngoma. Wauzaji wakahamishwa, nao wakahama kwa adabu ileile. Miezi haikuwa mingi kabla meza hazijaanza kubaki tupu. Wanunuzi hawakuja. Nikaambiwa kina mama wamerudi stendi kwa kujificha, mmoja mmoja, na makarai yao. Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilipiga meza ofisini mbele ya Lukasi nikasema, "Watu hawa nimewalisha kwangu!" Nikatia saini amri, mgambo wakaenda stendi, wakakusanya makarai, wakamwaga mafuta mtaroni. Bi Zuhura alikuwa mmojawapo. Karai lake halikurudi. Akaenda kufua nguo za watu, na mdogo wake aliyekuwa anamsomesha akaacha shule mwaka ule.

Nilifika nyumbani nikalalamika kwa mama yako, nikamwambia binadamu hana shukrani, fadhila za punda. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba Athumani, ulitaka waseme nini na wali wangu mdomoni?"

Nilijifanya sikusikia, nikawasha redio. Uchaguzi uliofuata kata yangu haikunirudisha, na nikasingizia mambo mengi, mvua, fitina, chama, kila kitu isipokuwa pilau.

Mwaka mmoja baadaye, sina tena gari la serikali wala dereva, nilishuka stendi jioni nikiwa nimetoka kwenye maziko. Nimechoka, nina njaa, viatu vimejaa vumbi. Harufu ya samaki wa kukaanga ikanishika puani kabla sijajua nilipo. Watu wote tulioshuka nao tulielekea upande mmoja bila kuambizana. Nikamkuta Bi Zuhura na karai jipya. Alinitambua, akapangusa kigoda chake kwa kanga akanipa nikalie.

"Karibu, Mheshimiwa. Leo upo kwangu."

Nikataka kuanza kumtaka radhi. Akaniwekea samaki changu, na ndimu na pilipili.

"Kula kwanza," akasema. "Mimi nikueleze."

Nikala, akanieleza. Akasema samaki wake hanunuliwi na mtu aliyefuata samaki. Hununuliwa na mtu aliyeshuka kwenye basi, ametoka kazini, hataki kwenda kuwasha jiko. Mtu huyo hatapanda basi jingine kwenda ufukweni kutafuta kitoweo, hata ukimjengea meza za dhahabu. Akasema jambo hilo walilijua wote waliokuwa uani kwangu. Walikuwa wamelizungumza njiani wakija, na wakamchagua yeye aliseme.

"Sasa mbona hukulisema?"

"Mheshimiwa, ulikuwa umeshaninawisha."

Na hapo, Athumani, ndipo nilipoelewa kitu ambacho shule zote nilizosoma hazikunipa. Kigodani pale mimi ndiye niliyekuwa nakula cha mtu. Mimi ndiye niliyefungwa na adabu. Alisema kila alichotaka, mengine makali, la karai, la mdogo wake, na mimi nilikuwa na samaki mdomoni, ningembishia vipi? Ningekwenda kula kwake kabla ya kujenga, soko lile lisingejengwa. Nilikuwa nimeshika desturi nzuri ya kwetu nikaishika kwa upande wa makali.

Ndiyo maana nimetaka bahasha hii uifungue ukiwa majini. Umekula kwangu wiki nzima, wali wa nazi asubuhi na jioni, pweza, samaki wa kupaka, mpaka suruali imeanza kukubana. Ungewezaje kuniambia unataka kulivunja soko langu? Na mimi nikiwa nakuona unavyohangaika, nikazidi kukuongezea mchuzi. Nisamehe kwa hilo. Sehemu yangu ndogo ilikuwa inatumaini kwamba utaondoka bila kusema, uende ulikarabati, na jina libaki pale mlangoni. Mtu akishaonja kuandikwa kwenye jiwe, kumtoa si kazi rahisi.

Unakumbuka nilivyokupeleka Ras Kisimani ulipokuwa mdogo, tukatembea kwenye magofu wakati wa maji kupwa? Uliokota kigae cha chungu ukaniuliza cha nani. Pale palikuwa na mji, wenye misikiti na matajiri na wakubwa wao, na bila shaka kulikuwa na mtu mmoja mnene aliyekaa mbele kwenye kila karamu. Bahari imekula mji, na huyo bwana hakuna anayemjua hata kwa jina la utani. Nilikuwa nakuambia hayo kama hadithi ya kale. Juzi nikiwa shambani na makuti yangu, nikajikuta ninayawaza kwa habari yangu mwenyewe, na ajabu ni kwamba niliona wepesi badala ya huzuni.

Maisha yangu hapa ni mazuri, usije ukadhani unamwacha mzee mwenye majuto. Nalala, naamka, nabishana na mama yako kuhusu mwani wake unaoanikwa kwenye njia yangu. Wavuvi walinichagua kwenye kamati ya kijiji, ile inayoamua lini mwamba ufungwe, usivuliwe, ili pweza wakue. Kuna wanaotaka ufungwe, kuna wanaotaka uachwe. Siwaiti kwangu. Ninakwenda kwao, nyumba hii leo, ile kesho, nakula nilichowekewa, nasikiliza. Mama yako anasema hiyo si kamati, ni ulafi. Lakini mwaka jana walikubaliana bila kugombana, na aliyenipinga zaidi ndiye sasa ananiletea kaa. Nimekuwa kiongozi mzuri, mwanangu, nimechelewa kidogo tu.

Sasa nisikilize. Kulikarabati soko kwa ajili ya heshima yangu kutakuwa kosa lilelile langu, kwa fedha za watu, tena bila hata pilau. Watoto wa kata ile wanavuka daraja na barabara kuu kwenda kusoma mtaa wa tatu, na wewe uliwaangalia wazazi wao machoni ukawaahidi. Rudisha hoja yako ya kwanza. Kabla ya kikao, nenda sokoni. Lukasi anasema kuna watu wachache waliobaki, washona nyavu na vijana wanaohifadhi injini za boti, wamezoea kivuli cha paa lile na wao ndio watakaokosa pa kwenda. Usiwaalike ikulu yako. Nenda wakati wanakula, kaa watakapokuonyesha, kula ugali wao, na wakikutukana, endelea kutafuna. Watakuambia wahamishiwe wapi. Wanajua.

Ruhusa yangu usiiombe. Ruhusa ya kuvunja huombwa kwa mwenye mali, na soko lile halikuwa langu hata siku nilipokata utepe, ingawa nilidhani hivyo. Nakwambia kama baba tu, maana najua baba ndiye aliyekuzuia, meya asingekuzuia: radhi unayo. Unayo kwa soko, unayo kwa yote. Nakupenda, na najivunia wewe kuliko nilivyojivunia kitu chochote nilichokizindua kwa ngoma.

Nina ombi moja, na hili usinikatalie. Siku ya kulivunja, usilifanye kimyakimya alfajiri ili kunisitiri, wala usiling'oe lile jiwe usiku ukalifunga gunia ukaniletea huku kama maiti. Nipigie simu mapema. Nitapanda boti, nitavaa kanzu yangu nzuri, nitakuja nisimame mbele, mahali ambapo kila mtu ataniona na kila aliyepokonywa karai ataweza kunitazama usoni. Wakikuuliza yule mzee ni nani, usinifiche nyuma ya watu na usinitafutie cheo. Waambie, "Ni baba yangu, ndiye aliyelijenga." Kisha waambie wenye nyundo waanze.

Wako,
Baba